Maharage yalichacha, nazi ikabebeshwa lawama

Msomaji wa Tanga ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Shikamoo mwalimu. Mwezi uliopita tulimwoza mdogo wangu, na msimamizi wa jiko nilikuwa mimi. Nazi tulizikuna jioni, kufika saa 4 usiku tui lote limeshakamuliwa. Moto tuliuwasha saa 8, na alfajiri saa 11 wali wa nazi kilo 25 na maharage ya nazi vilikuwa tayari, tukafunika vizuri visipoe. Wageni wale saa 6 mchana, ndiyo yalikuwa makubaliano, lakini bwana harusi akachelewa, chakula kikapakuliwa saa 9. Maharage yalikuwa yamechacha, na wali wa sufuria moja umeanza utelezi. Watu watatu walitapika jioni ile ile, alhamdulillah hakuna aliyelazwa. Shangazi anasema nazi zilikuwa mbovu. Bibi anasema ni jicho la mtu. Na mtaani hakuna anayezungumza bibi harusi alivyopendeza, wanazungumza maharage tu. Nilikosea wapi? Chakula kikishachacha kuna namna ya kukirudisha? Na nazi 14 zilizobaki, nizitupe?"

Marahaba, dada yangu. Pole, na hongera ya harusi vilevile, maana kwa unavyoeleza naona hongera hiyo watu wameisahau.

Nianze na neno lako mwenyewe. Umesema yamechacha. Hukusema yameoza, hukusema yamevunda, hukusema tui lilikatika. Nusu ya kazi yangu umeshaifanya. Wanafunzi wangu wa usindikaji wa vyakula huniandikia "chakula kimeharibika" na mimi huwarudishia karatasi: kimeharibikaje? Nyama na samaki huoza. Vijidudu vinavunja protini, na harufu yake haihitaji maelezo. Mkate huota ukungu. Mahindi hubunguliwa. Tui hukatika, yaani mafuta yanajitenga na maji, na hapo hakuna mdudu wa kulaumiwa, ni moto mkali na mwiko uliolala. Mchuzi unakuwa mbaya kwa macho lakini ukiula hudhuriki. Muhogo nao una mambo yake. Ukishang'olewa, siku ya pili au ya tatu ndani unaanza kutoka michirizi ya buluu na nyeusi, na si kwa sababu kuna kijidudu kilichouingia: ni muhogo wenyewe unavyoitikia lile jeraha la kung'olewa. Wakulima wanaouacha ardhini mpaka siku ya kuula hawakosei, ghala bora kuliko hilo hawana.

(Kuoza, kwa njia, ni neno lenye mzaha. Mdogo wako ameozwa, samaki ameoza, na hakuna anayechanganya.)

Kuchacha ni jambo jingine kabisa. Kitu chenye maji na wanga au sukari kimekaliwa na vijidudu, vinakula sukari ile na kutoa asidi na gesi. Asidi ndiyo ule ukali unaoshtua ulimi. Gesi ndiyo vile vipovu vidogo ulivyoviona kando ya sufuria, na naamini uliviona hata kama hukuviandika. Ili chakula kichache hakihitaji mchawi wala nazi mbovu. Kinahitaji vuguvugu na muda, basi. Sasa tukae na saa zako, kwa sababu umeziandika vizuri kuliko wengi wanaoniuliza.

Tui lilikamuliwa kufika saa 4 usiku. Moto uliwashwa saa 8. Maharage huchukua muda kuiva, na tui hutiwa mwishoni, kwa hiyo nakisia liliingia sufuriani kwenye saa 10. Hapo lina saa sita kwenye ndoo, Tanga, bila barafu. Tui bichi lifikirie kama maziwa ambayo hayajachemshwa: lina mafuta, lina sukari kidogo, lina protini, na asidi ya kujilinda halina. Limepita kwenye mbuzi, kwenye mikono ya watu sita au saba waliokuwa wanacheka na kupiga soga, kwenye kifumbu ambacho ukindu wake haukauki vizuri hata ukianikwa. Sisemi mlikuwa wachafu. Nasema kila kimoja kati ya hivyo kina vijidudu vyake hata jikoni kwa mtu msafi kabisa, na ninyi mliviachia usiku kucha na chakula wanachokipenda.

Kisha linakuja jambo ambalo ndilo kiini cha kisa chako, na ambalo kila mpishi wa pwani hulifanya, mama yangu akiwemo. Tui la kwanza, lile zito tunaloliita kasimile, likishamiminwa halichemshwi sana. Unalikoroga, likipanda kidogo tu unaepua, lisije likakatika. Kwa ladha ni sawa, siwezi kukuambia ufanye vinginevyo. Lakini ona kilichotokea: kitu kilichokuwa kinahitaji moto kuliko vyote sufuriani ndicho kilichopata moto kidogo kuliko vyote. Ndiyo maana maharage yaliutangulia wali. Tui la wali lilichemka pamoja na mchele mpaka maji yakakauka.

Sasa wali wenyewe. Kuchemsha huua vijidudu vilivyo hai, lakini wapo wanaojua kujifungia ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu, wakangoja. Mmoja wao ni Bacillus cereus, mwenyeji wa mchele tangu shambani, kwa kuwa makao yake ni udongo. Maji yakichemka analala. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 anaanza kuamka, na uwanja wake na wenzake wengi ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Pale kati, kwenye joto la mwili wa binadamu, vijidudu vingi huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Tuseme sufuria lako lilifika vuguvugu hilo saa 3 asubuhi. Mpaka saa 9 alasiri ni saa sita, mara 18 za kugawanyika. Kimoja kinakuwa 262,144. Na hakikuanza kimoja.

Utasema, lakini tulifunika. Ndiyo, na hapo ndipo sote tunapojidanganya. Mfuniko bila moto hauzuii chakula kupoa, unakichelewesha tu kisipoe upesi. Sahani ya wali inapoa kwa muda wa kuvuta kiti ukakaa. Sufuria la kilo kumi na mbili hupoa pembeni kwanza, katikati linabaki na joto lake saa nyingi, ukizamisha mkono unahisi kama kitanda mtu ametoka kukilalia sasa hivi. Na kama nawajua watu wa shughuli, mlifunika na magunia juu. Mliwatandikia kitanda.

Kwa hiyo chakula cha watu wengi kina hali mbili tu zinazokubalika, na kila hali ina kazi yake. Ama kiwe cha moto kweli, juu ya nyuzi 60, maana yake mkaa chini na makaa juu ya mfuniko, mtu ameteuliwa kuupalia moto ule na hana kazi nyingine. Ama kipoe haraka: wali unatandazwa kwenye masinia, usizidi kina cha vidole viwili, mchuzi unagawanywa kwenye sufuria ndogo zinazokalishwa ndani ya beseni lenye maji na barafu, ukikorogwa, na ukishapoa uingie kwenye friji. Wakati wa kula unapashwa mpaka utoe mvuke katikati, si pembeni tu. Kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano, ni kitu kidogo na kinamaliza ubishi wa mashangazi. Chakula kilichoivishwa kikae vuguvugu saa mbili, si zaidi, na kwenye joto la mchana la kwetu ihesabu kuwa saa moja.

Lakini kama ni mimi, nisingepika saa 8 usiku. Mapishi ya usiku ni desturi ya zamani ya kuwahi jua, na ilikuwa na maana pale watu walipokula saa 4 asubuhi. Harusi za siku hizi bwana harusi anangoja msafara, msafara unangoja mpiga picha, na mpiga picha anangoja jua lipungue. Mchele uoshwe, vitunguu vikatwe, maharage yachemshwe mpaka yaive bila nazi, yapozwe. Nazi zikunwe asubuhi. Tui liingie sufuriani wakati mtu mwenye simu ameshathibitisha kwamba magari yameondoka. Na yakishatiwa nazi, maharage yale yakae motoni mpaka yanapakuliwa.

Kuhusu bibi, mfikishie salamu zangu na umwambie sijamdharau. Jicho sina kipimo chake. Nina kipimo cha joto, na kwa saa ulizoniandikia, maharage yale yangechacha hata kama mtaa mzima ulikuwa unawaombea dua.

Umeuliza kama chakula kilichochacha kinarudishwa. Hakirudishwi. Najua kinachofanyika: mtu anatia magadi kidogo, uchachu unakatika, anaongeza chumvi na pilipili, anachemsha tena, watu wanakula. Magadi yanazima asidi, na asidi ile ilikuwa inakusaidia, ndiyo iliyokuambia usile. Kilichobaki ni kibaya zaidi. Yule wa kwenye mchele, akiwa ameongezeka vya kutosha, huacha sumu ya kutapisha ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Unaua vijidudu, sumu yao inabaki kwenye wali. Mtu akila, huanza kutapika kati ya saa moja na saa sita baadaye, na kwa kawaida kesho yake ni mzima. Siwezi kuwapima wageni wako watatu kwa barua, lakini habari zao hazinishangazi.

Hapa niseme jambo ambalo huenda litakufariji, ingawa si faraja ya kawaida. Chakula chako kilikuwa muungwana. Kilichacha, kikanuka, kikatoa utelezi, kikawapigia watu kelele wasile. Chakula kinachonitisha mimi ni kile kinachonyamaza. Mwaka 2004 huko Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikatokea kwetu, Dodoma na Manyara, wakafa watu 20. Kuvu inayotengeneza sumu ile hupenda mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla hazijakauka vizuri, na sumu yenyewe haina harufu, haina ladha, na ugali unaweza kuusonga mpaka mkono uchoke isitoke. Unaweza kupeta na kuchambua punje mbovu, na inasaidia, lakini punje inayong'aa nayo inaweza kuwa nayo. Kinga iko kwenye kukausha. Kama unahifadhi mahindi nyumbani, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, yarudishe juani, na yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

Jodari na vibua nao ni wa kundi hilo la wanyamavu. Wakikaa juani kabla ya kuwekwa barafu, ndani ya minofu yao hutengenezwa kitu kinachowasha mdomo kama pilipili, uso unaiva, moyo unaenda mbio, na watu husema "nina mzio na samaki." Mara nyingi si mzio. Ni saa mbili tatu ambazo samaki yule alikaa kwenye sakafu ya ngalawa. Kukaanga hakusaidii.

Na upande wa pili wapo wanaonuka bila kosa. Maziwa ya mgando yamechacha kwa ukamilifu wote wa neno hilo, tena kwa makusudi, na asidi yake ndiyo inayowafukuza waharibifu wengine. Ndizi tunazivundika. Sikiliza neno lenyewe: kuvunda ni kuharibika, kuvundika ni kufunika kitu makusudi kipate joto na hewa yake kiive. Ndizi hutoa gesi inayoziivisha jirani zake, ukiifungia inafanya kazi haraka. Bibi zetu walijua kuwa tofauti ya kuharibu na kutengeneza mara nyingine ni siku mbili tu.

Sasa hilo la mtaani, ambalo naona ndilo linalokuuma kuliko maharage. Huko si kwenye taaluma yangu, lakini linapakana nayo kwa ukaribu kuliko unavyodhani. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Marekani, katika utafiti uliotoka mwaka 1986, yeye na wenzake waliwapa watu juisi waliyoipenda, kisha wakachovya ndani yake mende mkavu, aliyeuliwa vijidudu vyote, msafi kuliko kikombe chenyewe. Watu wakaikataa juisi. Waliambiwa mende ni safi, bado wakaikataa. Yeye na mwenzake waliandika baadaye kwamba mende mmoja anaharibu bakuli zima la chakula kitamu, lakini hakuna chakula kitamu utakachokigusisha kwenye bakuli la mende kikalifanya litamanike. Kuharibu na kutengeneza havina uzito mmoja.

Sisi tuliliona hilo jikoni. Kitumbua kikiingia mchanga, huli upande usio na mchanga. Punje tatu zimemaliza kitumbua. Mambo yakienda kombo tunasema yametumbukia nyongo, na kila aliyewahi kuchinja kuku anajua kwa nini. Unalishika ini, kifuko kile cha kijani kimelala pembeni, kisu kinateleza kidogo tu, tone moja linapita juu ya ini. Utaliosha, utalikamulia ndimu, ukali hautoki. Kuku mzima yuko salama, lakini mezani mtu atakayepata kipande kile atasema kuku alikuwa mchungu.

Halafu kuna suala la mwisho wa jambo. Daniel Kahneman na wenzake, mwaka 1993, waliwafanya watu wazamishe mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakazamisha sekunde 60 zile zile, kisha 30 zaidi maji yakipandishwa polepole hadi nyuzi 15, baridi bado lakini afadhali. Walipoulizwa warudie ipi, wengi wakachagua ile ndefu. Yenye mateso mengi zaidi, kwa sababu iliisha afadhali. Tunakumbuka kilele na tunakumbuka mwisho, katikati hupotea. Harusi yenu ilikuwa na kigodoro usiku kucha, na msafara, na mdogo wako akitoka ndani amefunikwa, na watu wakapiga vigelegele. Kisha wageni wakakaa njaa saa tatu, wakapewa maharage yaliyochacha, wakaenda nyumbani. Maharage yakawa kilele na mwisho kwa pamoja.

Ndiyo maana sikushauri uende nyumba kwa nyumba kueleza habari za nazi na saa. Kila ukieleza, unawapakulia tena. Mdogo wako atakaporudi kutembelea nyumbani, pikeni kitu kidogo kwa watu wale wale wa jirani, samaki wa kupaka, vitumbua na chai ya tangawizi, kitu kinachotoka motoni na kuliwa hapo hapo. Usitaje harusi. Na ukisikia mtu anacheka habari ya maharage, cheka naye. Yaliyochacha yalikuwa maharage, siyo wewe. (Vijana watakuambia wewe nawe umechacha baada ya gharama zile, na hapo kwa Kiswahili chao cha mfukoni watakuwa sahihi.)

Zimebaki nazi zako 14. Usizitupe. Shangazi hakuwa na ushahidi, lakini wazo lake si la kipuuzi, kwa sababu nazi moja mbovu ndani ya tui la nazi thelathini inatosha. Ichukue moja moja, itikise usikie maji yakicheza; isiyo na maji weka kando. Angalia yale macho matatu: yakiwa na unyevu au ukungu, weka kando. Kisha ivunje juu ya kikombe chake peke yake, usiivunje juu ya bakuli la pamoja. Onja maji. Yakiwa matamu au ya kawaida, endelea. Yakiwa makali, au nyama ya nazi ina rangi ya manjano na utelezi na inanuka sabuni, hiyo imekwenda, mpe mama wa kuku kama ataitaka. Kisha osha kikombe, uchukue ya pili.